Kaa Wangu, Lawama kwa Mkwe

Kosa ni langu. Si la baridi ya Makambako, si la maji ya bahari, na wala si la yule kijana. Ni langu mimi! Nimelibeba miaka yote hii, leo nakuomba wewe msomaji unisaidie kulitua. Usinihurumie, nisikilize tu.

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini usinidharau. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nilianza na msumeno wa kuazima kwenye misitu ya Njombe, nikaishia na malori na gesti ya ghorofa pale Makambako. Ukishuka kwenye treni ukaulizia gesti yenye maji ya moto, unaletwa kwangu. Hakuna aliyenifundisha! Ndiyo maana sikuzoea kufundishwa.

Binti yangu, nimwite Neema, alipata mchumba huko Tanga alikosomea ualimu. Kijana huyo, nimwite Elia, kazi yake ilikuwa kutunza samaki wa mapambo wanaouzwa nje wakiwa hai. Kabla hajaleta posa akaniletea zawadi: tangi la kioo la samaki wa baharini, akalifunga pale mapokezi. Maji ya bahari yalikuja kwa mapipa, juu ya lori langu mwenyewe. Samaki wa njano, wa buluu, wengine wana mistari utadhani wamechorwa. Abiria walikuwa wanateremka kwenye mabasi waje kushangaa. Nikatembea kifua mbele!

Nyuma ya ukuta aliweka tangi la pili, dogo, limeunganishwa na lile kubwa kwa mabomba, maji yanazunguka huku na huku. Humo mlikuwa na mwani tu, mawe ya baharini na balbu inayowaka.

"Baba, humu utachagua mwenyewe cha kuongeza," akaniambia. "Mwani wa aina nyingine, mawe, mchanga. Mwani unakula uchafu wa samaki, na vidudu vinavyozaliana humo ni chakula chao. Ila kitu kinachotaka kulishwa, usiweke."

"Nimekuelewa, fundi," nikajibu.

Sikuelewa. Niliona majani yanawashiwa umeme wangu!

Sisi huku tumekua na simbilisi jikoni, wale wanyama wadogo kama panya wasio na mkia. Wanakula maganda, siku ya mgeni wanaliwa wao. Kona isiyo na mfugo kwetu ni uvivu. Basi dereva wangu aliporudi kutoka Dar na kaa wazima ndani ya gunia lenye unyevu, akachekelea, "Bosi, hawa wamefika wanatembea! Utakula kaa Makambako kama uko Kigamboni!" nikajua nimepata cha kuweka.

Mke wangu alinizuia. "Baba Neema, mwenzio alisema asiwekwe mwenye kula."

"Mama Neema, mtoto wa juzi anifundishe kufuga? Nimefuga simbilisi yeye hajazaliwa!"

Mwani nikawatupia bata. Kaa nikawatia, nikawa nawapa mabaki ya ugali na dagaa. Kaa hao niliwapikia maofisa fulani kutoka Njombe mjini, wakanisifu mpaka nikaagiza gunia jingine.

Kisha maji yakaanza kuwa meupe kama togwa.

Jamani! Samaki wakapanda juu, wanatweta, midomo nje. Yule wa njano alilala ubavu, akainuka, akalala tena. Nimesimama chini ya miti inayoanguka sikukimbia, lakini mbele ya lile tangi nilikimbilia ndoo. Nikachota maji ya bomba, nikakoroga chumvi ya jikoni, nikamimina. Wakafa haraka zaidi. Mimi mwenye malori, sikuwa na ndoo moja ya bahari!

Na ugeni wa posa ulikuwa njiani. Nikawatoa kaa wote, nikasugua kile kitangi, nikanyamaza.

Wakaja: mshenga, baba mdogo wa Elia, na Elia mwenyewe. Ndugu zangu walikuwa wamejaa mapokezi. Elia alilitazama tangi kubwa, samaki wawili wa mwisho wanaelea. Akazunguka nyuma, tukamfuata.

"Baba, mwani uko wapi?"

Nikapaza sauti wote wasikie. "Umeoza wenyewe! Umeniletea majani mabovu na samaki wagonjwa. Ndugu zangu, aliyeshindwa kutunza samaki ataweza mke?"

Wakacheka. Dada yangu akadakia, "Labda mke naye atamsafirisha kwenye pipa!" Wakacheka zaidi.

Elia akaingiza mkono chini ya jiwe, akatoa gando la kaa. Akaliangalia. Akaniangalia mimi.

"Umeona nini, mwanangu?" mshenga akauliza.

Akafumba kiganja. "Hakuna kitu, mzee. Kosa ni langu. Nisamehe, baba."

Alinisitiri! Mbele ya ndugu zangu na ndugu zake, kijana niliyetoka kumtukana alinisitiri. Neema alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliwahi kunikuta nikiwarushia kaa ugali. Alinitazama, akingoja niseme. Neno moja tu! Nikakohoa, nikauliza chai iko wapi.

Waliondoka bila kula.

Nilijaribu, jamani. Nilimwendea mshenga, akanijibu, "Mzee mwenzangu, watu wameshaambiwa mtoto wao hafai. Utawaambia nini tena?" Nikasafiri mpaka Tanga mwenyewe. Nikaambiwa Elia amevuka mpaka, yuko Mombasa, ameoa. Nikasimama stendi na pochi yangu nene, nisijue nikate tiketi ya wapi.

Neema anafundisha upande wa Igwachanya. Hajaolewa. Hanitukani, natamani anitukane! Sikukuu anakuja, "Shikamoo baba," anakaa kiti cha wageni, akimaliza kula ananishukuru kama mpangaji. Nilipomweleza ukweli alisema, "Nilijua siku ile ile, baba. Nilikuwa nakungoja wewe." Kisha akaosha sahani yake.

Wazee wenzangu mliojijenga kwa mikono yenu, ukielekezwa jambo usilolijua, fuata, hata kama anayekuelekeza ana umri wa mwanao. Na ukishakosea, sema pale pale, wageni wakiwa bado wamekaa. Wakishavaa viatu, umechelewa.