Kutu Kwenye Majani ya Ng'ombe

Mama alipochoka kulima peke yake huko Mbulu, alishuka Babati akaenda kukaa kwa mdogo wangu, katika kijiji cha Sigino. Hakuja kwangu, kijiji cha Singe. Alisema kwa mdogo wangu kuna maziwa ya kutosha. Mimi ndiye mkubwa. Neno hilo lilinikaa rohoni.

Tulikuwa tumeanza sawa, kila mmoja na ng'ombe wake wa maziwa. Majani ya malisho tuliyapasua kutoka shina moja la jirani, nikapanda yangu nyuma ya nyumba, yeye akapanda kando ya mahindi. Yake yalijaa hadi udongo hauonekani. Yangu nayo yalistawi, lakini masika yalipokolea yakatoka madoa ya njano, kisha madoa yakawa vipele vya rangi ya chungwa. Ukipita katikati, sketi inatoka na vumbi kama umejisugua kwenye bati bovu. Ng'ombe akawa ananusa na kugeuza shingo.

Afisa mifugo wa kata alipita akasugua jani kwa kidole gumba.

"Hii ni kutu," alisema. "Ni ugonjwa wa ukungu, unanyonya jani likiwa hai. Kata yote chini, yachipue upya. Na uangalie nguo zako, vumbi hili linasafiri."

Sikuuliza dawa. Niliuliza kama ameiona kwa mdogo wangu.

"Kule ni safi kabisa."

Jumapili, baada ya ibada, nilienda kumsalimia mama. Sikupita mlangoni. Nilipitia shambani, nikawa nageuza jani moja baada ya jingine, nikitafuta hata kipele kimoja.

"Dada, simama hapo hapo!" Mdogo wangu alikuja mbio, kanga mkononi. "Usinichukie. Afisa ameniambia vumbi linashika kwenye nguo. Badilisha kwanza."

"Hii nguo ya kanisani? Sijaingia nayo shambani kwangu."

"Badilisha tu, dada, tafadhali."

Nilibadilisha bafuni kama mgonjwa aliyetengwa. Nilipoingia sebuleni na kumwamkia mama, aliitikia marahaba huku akiitazama ile kanga.

"Imekupendeza," alisema. "Nilimnunulia mdogo wako nilipokuja."

Mimi hakuwa ameniletea kitu. Nilikunywa maziwa yao na kuyaona matamu, jambo lililonikera zaidi.

Masika yalikuwa hayajaisha mdogo wangu aliponipigia simu, sauti imekauka.

"Dada, imefika. Upande wote wa barabarani ni chungwa tupu. Njoo unisaidie kukata."

Nilimwambia pole. Nilipokata simu nilijikuta natabasamu peke yangu jikoni.

Nilienda na mundu wangu. Tulikata tukiwa tumeinama bega kwa bega, na yeye alikuwa analia kimya kimya, anafuta pua kwa mkono. Nilitegemea nitafurahi kuona. Badala yake nilihesabu mafungu kwa macho: hata yakiwa yameugua, majani yake yalikuwa marefu kuliko yangu yalipokuwa mazima. Mama alitoka, akasimama kwenye kivuli cha banda.

"Pumzika, mwanangu," alisema. "Usiumize mgongo."

Niliinua kichwa. Alikuwa anamwambia yeye.

Yake yalichipua upesi, mabichi, bila doa. Yangu, niliyoyakata kama afisa alivyosema, yalirudi na vipele vile vile, nikachoka, nikayang'oa na kupanda matete, yale majani ya tembo. Yameshika vizuri. Ng'ombe ameongeza maziwa, nami nikamwalika mama aje aone.

Alikuja. Alizunguka shamba taratibu, akashika bua moja akasema, "Haya ni mazuri kweli." Nilimchemshia maziwa, nikamwekea kikombe kikubwa kuliko vyote. Alikunywa nusu, akatazama mawingu.

"Niitie bodaboda, mwanangu. Mvua isije ikanikuta huku, mdogo wako atahangaika."

Nilimwitia.