Godoro la Sufi Juu ya Deka

Ukifika Manundu, pale Korogwe, ukauliza kwa Mama Maryamu, wataangalia upepo unakotoka kisha wakuelekeze. Sufi hutoka uani kwake ikapaa, ikanasa kwenye nguo za watu zilizoanikwa, na majirani walishachoka kumlalamikia. Jina lake hasa ni Mashavu binti Kibwana, Mzigua wa Handeni. Aliolewa Korogwe akiwa binti mdogo, mumewe akatangulia mbele ya haki, naye akabaki palepale na kazi aliyofundishwa na mama mkwe wake, kazi ya kushona magodoro.

Sufi humfikia kwa magunia kutoka Kerenge. Anatandika mkeka, anajifunga mtandio puani, anabangua maganda na kutoa mbegu mojamoja, kisha anaipiga kwa fimbo mpaka ilainike. Ikishalainika anaishindilia kwenye foronya kubwa ya kitambaa cha mistari, halafu anaishona kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Godoro lake likianikwa juani huumuka kama donge la maandazi lililokubali hamira. Yale ya sponji yanayouzwa madukani anayaita boflo, kama mkate wa dukani. Siku ya kwanza limevimba, husema, mwakani unalalia mbao.

Mmoja wa wateja wake ni Kimaren, mfugaji wa nyika ya Handeni. Alimnunulia godoro mama yake aliyekuwa akisumbuliwa na nyonga, na yule bibi alipoanza kulala bila kuugulia, Kimaren akamhesabu Mashavu kama ndugu. Kila aletapo mifugo mnadani humpitishia kibuyu cha maziwa.

Siku moja alikuja, akaketi, maziwa yakapokewa, chai ikanywewa, naye haondoki. Mashavu hakumharakisha. Mwisho akasema lililomleta. Binti yake Naisula ana miaka minane, na shule iko mbali na boma. Njia ni pori tupu, na mvua zilizopita mtoto alikaa nyumbani zaidi kuliko alivyokwenda darasani. Anaomba akae Manundu, asome, arudi kwao wakati wa likizo. Tatizo ni mama yake Kimaren. Yeye anasema mtoto wa umri ule hulala ubavuni kwa bibi yake, halali kwa watu.

"Tumekubaliana ajaribu mwezi mmoja," Kimaren alisema. "Nikija nikakuta halali, au amedhoofu, narudi naye. Na akirudi, mama, ndiyo basi. Bibi yake hatanipa mara ya pili."

Mashavu alisema bismillahi na akakubali.

Chumba cha watoto kilikuwa kimoja, chembamba, na tayari alikuwamo Yusra, mjukuu wake wa miaka kumi, mtoto wa Maryamu anayefanya kazi Handeni. Vitanda viwili havingeenea hata ungevisimamisha. Kilichobaki ni deka, kile kitanda cha kupandana, mmoja juu mwingine chini. Mashavu hakuwahi kuwa nacho, na wazo la mtoto wa mtu kulala hewani lilimkosesha raha.

Alianzia dukani, barabara kubwa. Deka za chuma zilikuwa zimepangwa nje, zimepakwa rangi za kupendeza. Akaishika moja, akaitikisa. Ikatetemeka kama mtu mwenye homa. Ngazi yake ilikuwa ya vyuma vya mviringo, vyembamba, vya kumuumiza mtoto nyayo, tena imening'inizwa tu kwa ndoano. Baina ya chuma na chuma cha ukingo paliachwa uwazi ambao mtoto angeweza kupenya mwili, kichwa kikabaki. Kijana muuzaji alimwambia asihofu, hicho kitanda kinabeba hata yeye mwenyewe.

"Mimi sipandi, mwanangu," Mashavu akamjibu. "Anayepanda ni mtoto wa mtu."

Akashika njia mpaka kwa Hiza, fundi seremala, Msambaa wa Kwashemshi mwenye karakana nyuma ya mashine ya kusaga. Hiza hana haraka na ana mdomo. Alipomsikiliza alimuuliza kama anataka kitanda au boma la ng'ombe, maana kila alichotaja kilikuwa cha kuzuia. Mashavu hakujali. Alitaka mbao ya mtiki iliyokauka. Alitaka ukingo pande zote nne, hata upande wa ukutani, kwa kuwa mtoto anaweza kuteleza akakwama kati ya kitanda na ukuta. Nafasi kati ya mbao na mbao isipitishe ngumi yake. Ngazi iwe na vipandio bapa na ifungwe kwa bolti, isiwe ya kuning'inia. Chaga za juu zisogeleane, wa juu asije akamshukia wa chini. Pembe zote zipigwe msasa.

Hiza alikuja hadi nyumbani kupima. Chumba hakina dari, ni mabati na kenchi, kwa hiyo alimkalisha Yusra kitako juu ya meza, akaweka kigoda chini yake, akapunguza, akaongeza, mpaka alipoona mtoto anaweza kuketi wima pasipo kichwa kugusa mbao wala kuunguzwa na joto la bati. Hapo ndipo alipouliza swali ambalo Mashavu angelikumbuka.

"Godoro la unene gani, mama? Ukingo naupima kutoka juu ya godoro."

Mashavu alicheka. "Hiza, mimi nimekuuliza randa inashikwaje? Wewe nitengenezee kitanda. Godoro niachie mwenyewe."

Hiza naye akacheka, akaweka penseli sikioni, akapima kwa godoro ambalo watu wengi huweka kwenye deka, lile jembamba la sponji.

Kitanda kilipoletwa majirani walikuja kukitazama. Ukikitikisa, unatikisika wewe. Mashavu alishona magodoro mawili mapya, na lile lililojaa zaidi akalipandisha juu. Yusra alinung'unika kwamba yeye ndiye mkubwa, basi juu ni kwake. Bibi yake akamwambia mgeni hawekwi chini ya miguu ya mwenyeji, na neno likaisha.

Naisula akaletwa. Alipofika aliinamisha kichwa ili Mashavu amguse utosini, kama watoto wa kwao wanavyowasalimu wakubwa, na Mashavu, ambaye amezoea shikamoo, alimgusa kwa mikono miwili. Baba yake alikuwa na ng'ombe wanaomsubiri. Alikiona kitanda kwa mbali kupitia mlangoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Mtoto hakuwa na shida. Anakula kilichopo, anasaidia kuchambua mbegu, na jioni Yusra akisoma dua ya kulala yeye hunyamaza akasikiliza. Ila macho yake yalikuwa mekundu kila asubuhi, na mwalimu akaleta habari kwamba anasinzia darasani. Mashavu alimuuliza mara ya kwanza, akamuuliza tena. Jibu lilikuwa lilelile, "Nalala vizuri, bibi."

Mashavu akajua moyoni kwamba ni upweke wa kukumbuka kwao. Na dawa aliyokuwa nayo ni moja. Kila Ijumaa alilishusha godoro la juu, akalianika mpaka likaumuka, akalirudisha likiwa na joto la jua. Mtoto alipozidi kusinzia, akalifumua pembeni akaongeza sufi. Aliliona limejaa, limependeza, akamshukuru Mungu aliyempa mikono.

Jumamosi moja alipoamka kwa sala ya alfajiri alimkuta Naisula ameketi sakafuni kwenye mkeka, shavu limevimba, ameushika mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebeba kifaranga. Hakuwa akilia. Yusra alikuwa bado amelala.

Zahanati walimpapasa, wakaona mfupa haukuvunjika, umeteguka tu. Wakamfunga mkono wakamrudisha. Mashavu alihema kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, kisha akavaa mtandio wake akaenda moja kwa moja karakana.

Hiza alimwamkia. Marahaba yake ilichelewa. Mashavu alimwambia mbele ya wateja kwamba amemtengenezea kitanda cha kumwagia watoto, kwamba aliomba ukingo akapewa pambo, na kwamba Jumapili ya mnada, wiki inayokuja, baba wa mtoto anakuja na atamchukua, na elimu yake itakuwa imeishia kwenye mbao za Hiza. Fundi akachukua futi yake ya kupimia akamfuata nyumbani.

Alisimama mbele ya deka akakitazama kwa muda. Ukingo wa juu ulionekana kama mstari tu, kidogo umepita godoro, unene wa vidole viwili. Akashika godoro kwa mikono yote miwili, akalivuta, likaanguka chini puu, na vumbi la sufi likajaa chumbani. Ukingo ukabaki umesimama juu ya chaga, mrefu, shubiri moja na nusu, kama alivyouchonga.

"Ukingo upo, mama," Hiza alisema taratibu. "Ulikuwa umezama."

Mashavu aliketi kwenye kitanda cha chini. Aliliona lote kwa mara moja, zile Ijumaa za kuanika na ile pembe aliyoifumua. Kila alipomwongezea mtoto raha alikuwa akimwinua kidogo, mpaka akamvusha ukingo. Hiza angeweza kumkumbusha swali lake la siku ile, na Mashavu alilisubiri. Hakumkumbusha. Alisema tu kwamba hata yeye ilimpasa arudi kuuliza tena, kwa kuwa anajua magodoro ya mama huyu yanavyokuwa.

Naisula alikuwa amesimama mlangoni, mkono umefungwa shingoni. Mashavu akamwita, akamuuliza tena habari ya kulala, safari hii kwa kunong'ona.

"Linanimeza, bibi," mtoto akasema. "Nikigeuka, chini hakuna kitu. Kwetu ni ngozi, ukilala unajua umelala."

Kumbe siku zote alikuwa amejibana ukutani, amekamata mbao, anaogopa kuzama upande mmoja na kuanguka upande mwingine. Hakusema, kwa sababu alifundishwa kwamba kitanda cha mkubwa hakikataliwi.

Siku ile Mashavu hakushona kazi ya mtu. Alilifumua godoro la juu akatoa sufi mpaka likabaki jembamba kama blanketi la kukunja mara tatu, kisha akalipiga vifundo vya karibu karibu, shazia ikipenya juu na kutokea chini, ili lisipate pa kuumukia. Akalifumua na la chini akalifanya hivyohivyo. Mikono yake haikupenda. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa, naye akawaambia wengine, kwamba godoro jembamba ni aibu ya mshonaji. Alipomaliza aliliweka juu, akapima kwa mkono, shubiri nzima ya ukingo ikabaki. Akampandisha Yusra huko. Naisula akawekwa chini, karibu na sakafu aliyoizoea, na asubuhi iliyofuata ilibidi aamshwe kwa kutikiswa.

Siku zikasogea. Shavu likapoa, lakini kitambaa cha mkono kilikuwa bado. Jumamosi jioni Naisula alimfuata Mashavu jikoni, akasimama huku akichora jivu kwa kidole cha mguu. Akasema kesho baba akiuliza, yeye atamwambia alianguka shuleni, akicheza. Yusra ameshakubali kuwa shahidi. "Sitaki kurudi, bibi. Kwenye hesabu tumeanza kugawanya."

Mashavu alichochea moto mpaka maji ya ugali yakachemka. Naye alikuwa na hofu ileile, na uongo ule ulikuwa mwepesi, tena umeletwa na mtoto mwenyewe.

"Na nikiinuka kusali, huo uongo niuweke wapi?" akamuuliza. "Hapana, mama. Tutasema."

Kimaren alipofika alimkuta Mashavu amesimama uani anamngoja. Hakumkaribisha chai wala kumwachia nafasi ya kuuliza. Alimwambia mtoto ameanguka kutoka kitandani, ameteguka mkono, na kosa si la fundi wala la mtoto, ni lake yeye na godoro lake. Akamweleza na jinsi ilivyokuwa, ya kuanika na ya kuongeza sufi, hakuficha pembe hata moja.

Kimaren alimwita binti yake. Wakazungumza Kimaasai, yeye maneno machache, mtoto mengi, akionyesha juu, akionyesha chini. Mashavu alisikia jina la Yusra tu. Kisha mwanaume yule akaingia chumbani, akaulalia ubao wa ukingo kwa uzito wake, haukulia. Akatandaza kiganja kati ya godoro na ncha ya ukingo. Akajilaza kwenye kitanda cha chini, miguu ikatokeza nje hadi magotini, Yusra akaziba mdomo asicheke. Akakaa hapo muda wa kutosha.

"Mama yangu nitamwambia," alisema alipotoka.

"Mwambie."

"Atakasirika sana."

"Ana haki, baba Naisula. Mwambie na kwamba akitaka kuja kuona mwenyewe, kitanda kipo na mimi nipo."

Kimaren akautazama mkono uliofungwa. Akamtazama mtoto usoni, ambako wekundu wa macho haukuwapo tena. Ndipo akaongea na binti yake kwa Kiswahili, polepole, ili mwenye nyumba naye asikie.

"Kesho mna shule?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mbona soksi zako bado chafu?"

Naisula alikimbilia ndoo. Kwa kuwa mkono mmoja haukuweza, Yusra alimkamulia, na Mashavu akaingia jikoni kuweka chai ambayo alikuwa hajaipika.