Shubiri Moja Niliyoiongeza

Chekeni, lakini chekeni mkishafika kwenu, maana habari hii nimeificha miaka yote na hakuna anayeijua isipokuwa Rumonge nzima, na nikiikumbuka nikiwa peke yangu kwenye karakana mpaka leo najikuta nimefunika uso kwa mikono yenye grisi.

Wakati ule wa vita hapa Burundi mimi Yasini nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na nilijiona. Nilijiona sana. Mafundi wengine wote kwangu walikuwa waziba matundu ya sufuria, na niliyemdharau kuliko wote alikuwa Kashindi, Mkongo aliyevuka ziwa kutoka Baraka, mtu wa kupima kitu mara tatu kabla hajakigusa, nami nilikuwa nikisema kwa sauti ili asikie kwamba anayepima mara tatu hana macho (yeye aliendelea kupima tu, na hilo likanizidishia kiburi).

Sasa, barabara ya kusini ilikuwa na bariere, kizuizi cha askari, pale mji unapoishia. Magari hayakupita mpaka askari waunde msafara na kuusindikiza, na siku nyingine msafara haukuwepo kabisa, watu wanakaa chini mpaka jioni kisha wanarudi makwao na mizigo yao. Ila pembeni, kati ya pipa lililojazwa mawe na gogo la mchikichi lililosimikwa ardhini, palikuwa na upenyo wa baiskeli na pikipiki, na hao waliruhusiwa kwenda bila kusubiri mtu, na wakipatwa na lolote huko mbele ni shauri yao.

Hajati Mwamini, mfanyabiashara wa mawese, alikuwa anamwoza Zulfa, binti yake wa pekee, kule Kabonga, mbele kwenye barabara hiyo ya kusini, ambako binti alikuwa ametangulia. Msafara hakuuamini. Pikipiki ya kawaida hakuiweza, kwa kuwa ni mama wa mwili na nyonga yake ilikuwa mbovu, hawezi kukaa juu ya kitu kinachoyumba. Basi akatafuta na kupata pikipiki ya magurudumu manne, ya mashindano, waliyoiacha vijana wa kitajiri waliokuwa wakifukuzana nayo mchangani kabla mambo hayajaharibika. Na kabla ya kuinunua (huyu mama ana akili kuliko mimi na karakana yangu yote) alikwenda bariere na kamba, akaitandaza kutoka pipa hadi gogo, akapiga fundo, akarudi kuipimia ile pikipiki. Ilipita, vidole vinne vikabaki.

Kasoro ilikuwa moja, mkono mmoja wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa umepinda. Akaniletea pamoja na ile kamba.

"Yasini mwanangu, nyoosha huu mukono tu, kitu ingine usiguse. Na kamba hii iko kipimo ya bariere. Isipite fundo."

"Hajati, weye tulia. Imefika kwa fundi."

Mkono niliunyoosha kabla chai haijapoa. Hapo ningemrudishia mwenyewe mali yake, tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo. Lakini nikakaa nikaitazama ile pikipiki usoni, nikaona shasi yake, ule uti wa chuma unaobeba vyote, kwa mbele nyembamba mno, nikawacheka walioiunda kwamba walibania chuma, nikajiambia mama mzito hivi anataka kitu kilichotanua miguu, kisichopinduka, na watu wakikiona waulize nani fundi. Nikachukua msumeno, nikaikata shasi mbele, nikachomeka chuma cha shubiri moja katikati. Ile kamba? Suruali yangu ilikuwa haina mkanda, nikaifunga kiunoni.

Kashindi akapita, akasimama, akainama chini ya pikipiki kwa muda.

"Yasini, shasi iko nyembamba makusudi, ili mikono ipate urefu bila kitu yote kupanuka. Sasa mikono umeihamisha nje, lakini fimbo za usukani umeziacha zinaanzia palepale katikati, umeongeza tu mabomba kwa ncha. Mukono na fimbo vinapanda na kushuka pamoja. Kama havizunguke sawa, gurudumu itageuka yenyewe kila ikishuka mu shimo."

"Kashindi," nikamwambia, "nenda ukazibe sufuria."

Akaenda. Nami nikayanyoosha magurudumu kwa kuyapimia uzi, yakatazama mbele safi kabisa, lakini nilifanya hivyo pikipiki ikiwa juu ya matofali, magurudumu yananing'inia, wala sikuwaza kwamba ikishushwa na kupakiwa kila kitu kitahama mahali pake. Fundi mzima!

Siku ya harusi, saa mbili asubuhi, nikampakia Hajati nyuma yangu amevaa kitenge kipya, na mbele nikafunga sanduku la bati lenye vyombo vya bibi harusi. Niliona usukani unanivuta mara huku mara kule, nikasema ni barabara. Tukafika kwenye foleni ya magari, mabasi madogo na malori, watu wamekaa kivulini wanakula ndizi, na mimi (Mungu anisamehe) nikapunguza mwendo makusudi ili wanione vizuri.

"Kaeni tu!" nikawapigia kelele. "Tutawasalimia watu wa Kabonga!"

Mbele ya upenyo palikuwa na kishimo. Tukazama ndani yake, mbele ikashuka na sanduku lake, na magurudumu yakafunguka, moja likaenda kwa pipa na la pili kwa gogo, kila moja na safari yake. Ikalia kishindo, matairi yakajisindika kati ya pipa na gogo, tukasimama, tumebanwa.

"Iki ni iki?" akauliza askari, na alikuwa na haki ya kuuliza ni kitu gani kile. "Subira inyuma!"

Kurudi nyuma! Pikipiki ya mashindano haina gia ya kurudi nyuma. Nikaivuta, haikutoka. Wakaja wanaume sita, haikutoka. Nyuma yetu baiskeli za mawese zikajipanga, wenye nazo wakaanza kutukana, na kule kwenye foleni mtu akasema kwa sauti tamu, "Kabonga hawajambo?"

Hajati hakupaza sauti. "Kamba yangu iko wapi?"

Ilikuwa kiunoni. Nikaifungua mbele ya watu wote, nikampa kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika suruali. Akapima mwenyewe, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Fundo likaishia njiani, ikabaki shubiri kasoro vile vidole vinne.

Saa nne askari wakatangaza kwamba siku hiyo hakuna msafara. Aliyekwenda kumwita Kashindi simjui, lakini alikuja na msumeno wake, akalala chini na kuanza kukata chuma changu polepole, hakunitazama wala hakunicheka, na afadhali angenicheka. Alikuwa amebakiza kidogo milio ya bunduki iliposikika upande wa milimani. Askari wakamwamuru atoke, na upenyo nao ukafungwa, kwa baiskeli na kwa kila mtu. Hajati akateremshwa, akarudi mjini kwa miguu, polepole, sanduku la bati linabebwa mbele yake.

Zulfa aliozwa adhuhuri ile. Kule Kabonga hawakuwa na njia ya kujua kilichotupata, na nilisikia baadaye kwamba bibi harusi alikuwa akichungulia barabarani mpaka alipoitwa. Wiki ile ile mume wake akavuka naye mpaka, wakaingia Tanzania, kwa sababu ya vita.

Mimi nimeapa. Mtu akija na kipimo chake siongezi hata unene wa ukucha, na nikimaliza namwita Kashindi aje apime tena, mara tatu akitaka. Lakini kuna siku Hajati alikuja karakana, akakaa juu ya yale matofali niliyoinulia pikipiki yake, nami nikasimama na maneno yangu ya kuomba radhi niliyokuwa nimeyapanga tangu siku ile. Hakuyangoja.

"Yasini, mutoto wangu alivaa rangi gani?"

"Sijui, Hajati."

"Na miye sijui," akasema, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka.