Nilimfinya mwanangu ili nishinde karata

Admin, nifichie jina, watu wa huku Mpanda wakisoma watanijua. Nina miaka 21, niliishia darasa la saba, na nina mtoto wa kiume wa miezi saba. Tunaishi Magamba kwa mama mkwe. Mume wangu yuko Karema kwenye biashara ya dagaa.

Wifi yangu aliporudi likizo kutoka chuo alinifundisha poka. Kila mtu anapewa karata mbili anazificha, tano zinawekwa wazi katikati, unatafuta jozi au tatu zinazofanana. Tunaweka punje za mahindi. Mwenzio akiongeza punje ukaogopa, unajitoa, anabeba zote. Anayeishiwa ndiye anakwenda bombani. Wifi akaniambia, "Karata zako zisikushughulishe sana, mwangalie mtu."

Nilimwangalia weee, ndoo nabeba mimi kila siku. Mwishowe akacheka, "Wifi, mtoto ndiye anakuchoma! Ukipata nzuri unambana, anaachia ziwa anakutazama usoni." Kweli, nilikuwa nacheza huku nanyonyesha.

Kesho yake nikapata karata mbovu kabisa. Nikaongeza punje kiganja kizima, halafu chini ya kanga nikamfinya mwanangu pajani. Akaachia ziwa, akanitazama. Wifi akatupa karata, "Hapo umepata, najitoa mie." Jamani, nilicheka! Nikarudia, na siku nyingine tena. Mara ya mwisho alilia mpaka sauti ikakatika, na mimi nilikusanya punje kwanza ndipo nikambembeleza. Naandika hapa naona aibu.

Mama mkwe alipomwogesha akaona alama. "Uuu, mjukuu wangu! Ni kunguni wa kitanda changu hao," maana mchana huwa analala kwake. Katoa godoro juani, kitanda kakimwagia maji ya moto, na tangu hapo hambebi. Mtoto akimnyooshea mikono, anaficha yake kwenye kitenge, "Nenda kwa mama yako, baba, bibi yako mchafu." Machozi yanamlengalenga. Na mimi nakaa pale uso mkavu, kama nilivyojifunza kwenye karata. Wifi tu ndiye ananitazama sana siku hizi.

Karata nimeacha. Nikisema ukweli, najua bibi atambeba tena mjukuu wake siku hiyo hiyo. Huyu mama alinipokea kama mwanae wa kumzaa, lakini naogopa akijua hataniachia tena mtoto. Nyie mliolea, naombeni ushauri: namwambiaje, naanzia wapi?