Nilimwita jirani yangu mchawi kwa sababu ya jivu

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nalisema mapema ili mkinitukana mnitukane kwa haki. Jina langu siliandiki, na la binti yangu nimelibadili, maana hapa mtaani Area D watu wananifahamu, na mwenyewe bado naona haya.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, kazi yangu iko Mtumba. Mwaka huu nikajifanya mkulima. Nilichimba matuta mawili nyuma ya nyumba, nikapanda mchicha na chainizi, kisha nikaenda kazini kutangaza kwamba habari ya kununua mboga sokoni Majengo kwangu imekwisha. Watu wakaniagizia kabisa. Jamani, huu mdomo!

Mboga ziliota vizuri, halafu zikaanza kunyauka. Majani yakaungua pembeni kama yamepitishwa motoni, na yaliyobaki mazima yakatobolewa na wadudu. Nilimwagilia asubuhi na jioni, wapi! Kazini wakawa wananiuliza mboga zao ziko wapi, nami nacheka kicheko cha uongo. Niliumia sana. Nikaona haiwezekani kosa liwe langu, mtu niliyejituma vile. Lazima kuna mkono wa mtu.

Na mkono nikaupata upesi. Jirani yangu, nimwite Mama Hawa, Mrangi wa Kondoa, ndiye aliyekuwa anamchukua binti yangu shuleni kila siku na kumpa chakula mpaka nirudi. Huyo huyo alisimama siku moja kwenye uzio akasema, "Mashallah, bustani imekubali." Wiki haijaisha, mchicha ukaanza kulala. Nikajiuliza, asifie ili iweje? Mbona yeye hana bustani? Mbona anajua saa ninayotoka na saa ninayorudi? Ananilelea mtoto, asijue vipi! Lakini hilo sikuliona.

Ndipo asubuhi moja nikakuta jivu. Limenyunyizwa juu ya majani, tuta zima, tena kwa utaratibu. Mimi ni Mgogo wa kanisani, ila nimekulia kijijini, na habari za jivu linalomwagwa kwenye nyumba ya mtu nimezisikia tangu utotoni. Kesho yake nikaamka mapema nikachungulia dirishani. Huyo hapo! Mama Hawa, kajitanda kanga, anaingia kwa geti dogo na bakuli, ananyunyiza huku midomo inamcheza. Nikasema leo nimemkamata.

Sikutoka kumuuliza. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Nilisubiri jioni, wanawake wamejaa dukani, nikamvaa mbele ya wote. Nikamwita mchawi. Nikamwambia asimguse tena mtoto wangu.

Hakupandisha sauti. Akasema, "Mama Neema, lile jivu ni la wadudu. Linanyunyizwa umande haujakauka, ndiyo linashika. Nilikuona unahangaika, nikaona vibaya kukuamsha."

"Mdudu ni wewe," nikamjibu.

Watu wakacheka, nami nikarudi nyumbani najiona mshindi.

Nikanunua kufuli, nikafunga lile geti, nikarutubisha matuta kwa samadi kama mara ya kwanza, nikapanda upya. Hakuingia mtu. Mboga zikaungua vile vile! Na safari hii wadudu wakala mpaka vishina. Kona moja tu ndiyo ilistawi, kijani tupu. Nikaikodolea macho, nikakumbuka kwamba pale samadi haikufika, iliniishia. Samadi yenyewe niliichukua zizini kwa mjomba, mbichi, bado ya moto, nikaimwaga kwa wingi nikidhani ndiyo mboga zitashiba. Niliziunguza mimi mwenyewe, mara mbili!

Nikaenda kuomba radhi. Mama Hawa alinikaribisha, akanipa kiti, akasema amenisamehe. Ila nilipomwomba amchukue tena binti yangu, alitikisa kichwa.

"Hapana, mama. Neema akipata hata mafua, utasema ni mimi."

Ningesema kweli. Najijua.

Sasa mtoto anakaa na mlinzi kwenye geti la shule mpaka nifike, na kila jioni ananiuliza kwa nini haendi tena kwa Mama Hawa. Namdanganya. Naye ananitazama kwa jicho la kushuku ambalo nalifahamu, maana ni langu.

Wenzangu mnaoanza bustani, mboga zikiwafia inauma, sikatai. Lieni mkitaka. Lakini angalieni kwanza mlichoweka wenyewe kabla hamjaanza kumtafuta mtu. Na ukiona kitu usichokielewa, fungua mlango utoke ukaulize!

Jana nilimwona Mama Hawa anatoka na jivu la jikoni kwake. Zamani alikuwa analimwaga pale pale kando ya uzio wetu. Siku hizi analitia kwenye ndoo yenye mfuniko, anazunguka mtaa mzima kwenda kulimwaga mbali, ili nisimwone nalo.