Jeshi la Fundi Rangi

Jirani yangu fundi rangi amepaka nyumba za watu maisha yake yote kwa brashi pana kama kiganja, na sasa kastaafu anapaka jeshi la Warumi wa kale, ambalo askari wake hawazidi urefu wa kidole. Mwili ni waya na udongo, ngao ni bati la kopo, mkuki ni kijiti cha kuchokolea meno. Hao Warumi mimi niliwasikia shuleni tu, na shule yenyewe sikukaa sana, basi huwa nakaa namtazama. Ncha ya brashi huichonga kwa midomo, ndiyo maana mdomo wake wa chini ni mwekundu saa zote, kama bibi harusi. Akifika kwenye macho ya askari hubana pumzi, na sisi tuliomo sebuleni tunajikuta tumebana zetu.

Asubuhi moja mke wa mwanawe, bado mgeni katika nyumba ile, alikuwa akifagia akaikumba meza ya jeshi, mshika bendera akaanguka. Mkono ukakatika, ukapotelea kwenye taka. Binti akasimama na ufagio wake, machozi yanamlengalenga. "Baba, nimekuharibia." Mke wa fundi akaguna: "Hapo sasa! Mimi meza hiyo sijaigusa tangu Warumi wahamie." Fundi akamgeuzageuza yule askari. Kisha akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akamfunga bendeji begani, akaitia nukta nyekundu. "Huyu alikuwa mzima mno, mama," akamwambia mkwewe. "Vita gani watu wanarudi wazima wote? Hebu vuta kiti, unionyeshe nani mwingine kaumia." Binti akavuta kiti, akaikagua safu nzima, kisha akanyoosha kidole kwa jemadari.