Kituo cha Kwa Halima

Nikikumbuka siku ile naona aibu mpaka masikio yanapata moto. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Ruring'u, ulimi wangu ni wa Kikuyu halisi (l na r kwangu ni pacha), nami nilijitia kuandika habari za kile kituo kidogo cha treni karibu na Chaka, kilichofunguliwa kwa shangwe na kufa kabla benchi lake halijachakaa. Watu walikiita Kwa Halima, maana hakikuwa na kitu kingine ila benchi na binti aliyeuza chai.

Badala ya kutuma ujumbe, nikaona nimpigie babake simu, ndiyo heshima. Mzee Abdi anauza mifugo, Kiswahili chake kimenyooka. Nikamwambia, "Mzee, Jumamosi nakuja na wazee wawiri, tuongee mambo ya mahari ya Harima." Akajibu, "Karibuni sana, mwanangu."

Jumamosi nikafika na wazee wangu (wote wawili walifyeka nyasi pale kituoni), tukakuta mbuzi amechinjwa, mikeka imetandikwa, wajomba wamevaa kanzu safi, nami nikajiambia, kumbe watu hawa wanapenda historia namna hii! Nikatoa daftari. Mjomba mmoja akauliza, "Mmekuja na ngapi?"

"Kumi na mbiri!" nikajibu kwa furaha (nilikuwa nahesabu maswali yangu). Vigelegele vikalipuka jikoni.

Nikasoma la kwanza: "Hiyo mahari ya treni irifungwa kwa nini?"

Mzee Abdi akaniangalia. "Mwalimu, umekuja kwa mahari, au kwa mahali?"

"Mahari," nikasema. "Pare treni irikuwa inasimama."

"Leo asubuhi nimemwambia kijana wa Doldol aliyekuwa akimposa Halima asirudi tena hapa. Kwa sababu yako."

Nilishtuka mpaka kalamu ikaniponyoka. Halima alikuwa mlangoni na birika, mikono imepakwa hina. Hakulia. Alisema tu, "Mwalimu, treni ilipoacha kusimama, angalau ilikuwa inapiga honi ikipita. Wewe hata honi hukupiga."

Kitabu kimekwama hapo. Nimeapa jambo zito silisemi tena kwa simu, naandika, tena nasoma mara mbili. Na kila asubuhi nasimama mbele ya kioo nafanya mazoezi: lala, lima, mahali. Hayo nimeyaweza. Lakini nikifika kwa jina lake, bado linatoka Harima.